Inakataa Saa Ngapi?

Akiitwa kwenye moteri mbovu, fundi alianza kwa kukaa. Aligeuza kopo lolote lililokuwa karibu, akalipangusa kwa kiganja, akakaa magoti yakiwa karibu na kidevu, akaitazama moteri kama mgeni aliyewakuta watu katikati ya mazungumzo. Wenye moteri walimzunguka, kila mmoja na maelezo yake. Huyu alisema ni buji haitoi cheche, yule alisema esansi, petroli yetu, ina maji. Fundi hakumjibu yeyote. Walipochoka na kunyamaza, ndipo alipouliza, na swali lilikuwa lile lile kwa miaka yote niliyomjua:

"Inakataa saa ngapi?"

Watu wa mtaa wetu wa Kamalondo walimcheka kwa swali hilo. "Fundi, hii iko moteri, haiko treni!" alimwambia mwenye baa mmoja ambaye jenereta yake ilikuwa imezimika katikati ya sherehe ya harusi.

Fundi alisubiri kicheko kiishe. "Treni yenyewe inachelewa," akasema. "Lakini moteri ikikataa, iko na saa yake. Uniambie ile saa."

Kwake saa ilikuwa nusu ya matengenezo. Moteri inayokataa asubuhi aliitafutia ugonjwa kwenye baridi. Inayokataa baada ya kufanya kazi kidogo, aliutafuta kwenye joto. Inayokataa mvua ikinyesha, aliangalia nyaya. Na ile inayokataa kutwa nzima aliipiga kofi dogo ubavuni, akasema, "Hii iko na haki. Imechoka." Kisha akainuka polepole, mkono kiunoni, nami nikajua hakuwa akiisemea moteri peke yake.

Alikuwa mtu wa Kasai, jimbo la jirani. Katika mji wetu hilo halikuwa jambo la kutajwa, mpaka siku lilipokuwa jambo pekee lililotajwa.

Sisi tulimjua kwa sababu ya kinu. Baba, kabla hajafa, alikuwa amenunua kinu cha kusaga mahindi kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki, na pamoja na kinu, moteri ndogo ya esansi yenye silinda moja, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba. Baba alipotutoka, mama alibaki na kinu, mimi nikabaki na kamba. Nilikuwa nimemaliza shule ya masista, nina Kifaransa safi na viganja laini. Viganja laini havikudumu. Kila asubuhi wanawake wa mtaa walipanga mabeseni yao ya mahindi mlangoni, mahindi mengine yakiwa yametoka mbali, upande wa Lukafu, nami nilivuta kamba mbele yao wote. Siku moteri ilipokataa, mtaa ulikosa bukari, ugali wetu.

Fundi ndiye aliyenifundisha starteri. Pale kabureta inapovutia hewa kuna kibati cha duara, kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachogeuka kwenye kijiti chembamba. Wabelgiji walikiita hivyo, nasi tukakiita hivyo. Nilipomuuliza kazi yake, hakunieleza habari za hewa na esansi, ingawa alizijua. Alisema:

"Iko kama blanketi. Asubuhi moteri iko baridi, unaifunika. Ikipata joto, unaifunua. Ukisahau kufunika, haiamuki. Ukisahau kufunua, inakosa pumuzi, inatoa moshi mweusi, inazimika. Paka ile, ni ile tu."

Alikuwa amefuga ukucha mmoja, wa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwa ajili ya vibati vile. Kucha nyingine zote alizikata mpaka kwenye nyama. Kwa ukucha huo alikigusa kibati, nacho kilijifunga kwa sauti ndogo: tak. Akikigusa tena kilifunguka: tak. Kama ile sauti ilichelewa hata kwa kiasi cha kupepesa jicho, alivua koti, kazi ianze. Na mtu akisogeza koleo karibu ili akilazimishe kibati, fundi alikusanya vyuma vyake akaondoka, hata kama kazi ilikuwa nusu. Nilimwona akimwacha hivyo fundi mwenzake aliyekuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko, bila neno la kwaheri.

Maana subira yake yote aliitumia kwa chuma, kwa watu haikubaki. Wateja waliobishana aliwaita majogoo. Padri aliyemwomba aharakishe moteri ya pampu ya misheni alimwuliza kama na misa huwa anaikata katikati. Jumapili aliimba kwaya kwa sauti kubwa iliyopotea njia tangu neno la kwanza, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa sababu Jumatatu wangemhitaji.

Aliishi kwa moteri na hakuzipenda. "Kazi yangu iko kuondoa kelele mubaya na kuacha kelele muzuri," aliniambia siku moja akinawa mikono kwa mchanga na sabuni. "Lakini yote iko kelele." Baiskeli alikuwa nayo, lakini sikumwona akiipanda. Aliisukuma, sanduku la vyuma limefungwa nyuma, hata alipokwenda upande wa Kinsevere kutengeneza pampu ya shamba, mwendo wa siku nzima. Alidai vyuma vikirukaruka njiani vinavunjana meno. Mama hakukubali.

"Baba fundi, sema kweli. Haujue kupanda."

Fundi aliitazama baiskeli kwa muda mrefu. "Yeye pia hajue," akasema.

Na alikuwa na desturi moja niliyoiona kwake tu. Kabla hajagusa moteri, lazima mwenye moteri aivute kamba, na fundi ageuke, aipe moteri mgongo, asikilize. Nilidhani ni mbwembwe. Nilipomuuliza alijibu bila kugeuka: "Nikiitazama nitaona ile ninataka kuona."

Sasa lazima niseme habari ya chupa.

Aliponifundisha starteri alinipa chupa ndogo ya dawa iliyojaa mafuta mepesi ya vyuma. Alinikabidhi kwa mikono miwili, mbele ya mama, akasema, "Huyu amesoma, hatasahau. Tone moja kwenye kijiti, kila Jumamosi." Sikusahau. Lakini Jumamosi moja chupa iliniponyoka ikavunjika sakafuni, na hiyo ilikuwa miezi ambayo Katanga, jimbo letu, ilikuwa imejitangaza nchi peke yake, na bendera yake na mihuri yake, na maduka yalifunguliwa ili kutuonyesha rafu tupu. Mafuta ya vyuma hayakuwapo. Ningemwambia fundi angetafuta mengine, angenisamehe kwa neno moja. Niliona aibu. Nilifagia vigae vya chupa, nikaenda jikoni, nikachovya kijiti cha kiberiti kwenye chungu cha mawese, nikadondosha tone jekundu. Mafuta ni mafuta, nilijiambia. Kila Jumamosi, tone moja, bila kusahau.

Msimu wa joto wote moteri haikulalamika. Ukaja mwezi wa sita, na baridi yetu kavu inayoshuka alfajiri na kukaa kwenye mabati. Asubuhi moja nilivuta kamba, moteri ikakohoa ikanyamaza. Nikavuta mpaka malengelenge yakapasuka. Mabeseni yakasubiri. Saa sita, jua likiwa juu ya paa, nilivuta kwa kukata tamaa tu, ikawaka. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa.

Mama alimwita fundi. Lakini asubuhi vijana wa chama kilichotawala walikuwa na vizuizi barabarani, wakisimamisha watu wa Kasai, kwa hiyo fundi alifika saa sita, kwa vichochoro, bila baiskeli. Alikaa kwenye kopo.

"Inakataa saa ngapi?"

"Asubuhi tu, baba."

Aligeuka. Nikavuta. Ikawaka kwa mara ya kwanza.

Alikuja mara tatu, kila mara saa sita, na kila mara moteri ilimpokea kama mwenyeji wake. Aliizima, akaigusa starteri kwa ukucha. Tak. Akakuna kichwa. Mara ya tatu aliniuliza, "Kwenye kijiti unatia mafuta gani?"

Mama alikuwa amesimama pale. Wanawake watano walikuwa wamesimama pale.

"Yale uliyoniachia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuichunguza tena, alikuwa ameambiwa na mtu aliyemwamini. "Basi sijue," akasema, na hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, karani aliyekuwa amepata kofia mpya na sauti mpya katika nchi mpya, alikuwa akiegemea mlango. "Munaona?" akawaambia wanawake. "Mashini inamutii paka yeye tu. Ameifunga. Hawa bantu ba Kasai banafunga mashini zetu ili tulale njaa, iko sabotaji."

Neno hilo lilitoka mlangoni kwetu likatembea mtaani haraka kuliko fundi alivyoweza kutembea. Juma lililofuata alikuja kwa mara ya mwisho. Hakuingia, kwa sababu mjomba alikuwa amesimama katikati ya mlango. Fundi alivua kofia, yeye asiyemvulia kofia hata padri.

"Muniache asubuhi moja," alisema. "Nilale hapa inje, kwenye udongo. Ninataka kuona ile baridi yake."

"Ulale uimalize?" mjomba akamjibu.

"Moja tu, bwana."

Nilikuwa ndani, hatua nne kutoka pale, na kamba mkononi. Aliyekuwa akiomba hakuwa akiiombea moteri tena. Alikuwa akiombea jina lake, na nyumba yake, na ruhusa ya kuendelea kuishi katika mji aliozeeka nao. Nilijua kuna kitu kimoja sijakisema. Sikujua kuwa kitu hicho ndicho. Nilikijua tu kuwa ni kidogo, na cha aibu, na kwamba mjomba angenicheka. Nikaviringa kamba kiganjani mpaka hatua za fundi zikaishia kichochoroni.

Mwisho wa mwezi wa nane lori la vijana lilifika kwake. Nyumba ilibaki bila mlango na makopo yake yakatawanyika mpaka kwenye mfereji. Yeye na mkewe walikimbilia kambini nje ya mji, walikokusanyika maelfu ya watu wa Kasai chini ya matawi na vipande vya turubai, wakilindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu.

Halafu joto likarudi, na moteri ikaanza kuwaka asubuhi.

"Munaona?" mjomba alisema tena. "Ametoka, mashini imepona."

Wanawake waliinamia mabeseni yao. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba moteri inawaka. Niliendelea na tone langu kila Jumamosi.

Mwaka ulizunguka. Mji ulipigwa mabomu, ukatulia, ukapigwa tena. Tulizoea kusaga mahindi tukisikiliza kwa sikio moja. Asubuhi moja ya mwezi wa sita niliona pumzi yangu ikitoka kama moshi, nikavuta kamba, na moteri ikakohoa ikanyamaza. Fundi alikuwa ameondoka miezi mingi nyuma. Nani basi aliyeifunga?

Niligusa starteri kwa ukucha, kwa mara ya kwanza nikiisikiliza kama yeye. Haikusema kitu. Haikufunga wala haikufungua. Nikaingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta, kikatoka na uji wa rangi ya chungwa, mawese na vumbi la unga, vimeshikamana na kuganda kama mchuzi uliolala kwenye sufuria. Nikakiweka kidole juani. Baada ya muda ule uji ulianza kulainika, ukashuka mpaka kwenye kiganja.

Ningeweza kuiosha mwenyewe. Ilihitaji kikombe cha esansi na dakika kumi. Lakini ningekuwa nimefuta kitu pekee kilichoweza kumsemea. Asubuhi iliyofuata, kabla mabeseni hayajafika, niliifungua kabureta, nikaifunga katika kitenge na uchafu wake wote, nikatembea mpaka kambini. Mjini walisema treni za kuwapeleka watu wa kambini kwao Kasai zimeshaanza.

Ilinichukua muda kumpata, na nilimpata kwa kopo. Lilikuwa limegeuzwa mbele ya kibanda cha matawi, na juu yake mtu mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa gunia juu ya koti, akinyoosha utambi wa taa ya mtu. Ukucha wa kidole cha mwisho ulikuwa bado mrefu.

"Moyo, mamu," alinisalimu kwa lugha ya kwao, akiniita mama.

"Moyo, baba fundi."

"Mama iko muzima?"

"Iko muzima. Hajue kama nimekuja."

Alitazama kitenge, akatazama umbo la kilichokuwa ndani, akanyoosha mikono yote miwili. Alipoifunua kabureta hakuikagua. Aliinua puani, akainusa, kisha akageuka juu ya kopo lake, akanipa mimi mgongo. Niliona kiwiko chake kikisogea. Nilingoja ile tak. Haikuja. Kilikuwa bado ni kipupwe cha asubuhi, na umande ulikuwa juu ya turubai.

"Inakataa saa ngapi?" aliuliza, akiwa bado amegeuka.

"Asubuhi. Saa sita inaitika." Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Iko mawese, baba. Niliweka miye. Chupa yako ilinivunjikia, nikaona haya. Uliponiuliza nilikudanganya."

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikapiga magoti. Alipogeuka alikuwa anacheka, cheko lisilo na nguvu, la mtu aliyetua mzigo na kugundua mikono haijui tena kunyooka.

"Mawese," akasema. "Mawese! Mwaka mumoja, mamu, nimeifungua ile moteri mu kichwa. Visi kwa visi, kila skrubu. Nilisema labda ile ya chini nilikaza mingi. Labda macho imezeeka. Labda mukono haisikie tena. Bibi yangu ananiambia, 'Acha, balikufukuza juu ya Kasai, si juu ya visi.' Minamujibu, 'Ile ya Kasai ninaijua. Ile ya visi siijue.'"

Ndani ya kibanda mkewe alikohoa na kusema kwa ukali, "Na sasa unaijua. Utalala?"

"Nitalala," alimjibu.

Aliomba mafuta ya taa kwa jirani, kiasi cha kijiko, akaanza kuosha. Alitumia kijiti cha kiberiti na uzi uliochomolewa kwenye gunia lake. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alipomaliza aliipangusa kwa kona ya kitenge changu, akanishika kidole changu cha mwisho, akakiweka kwenye kibati.

Tak.

"Ukikosa mafuta ya vyuma, iache kavu," alisema. "Itakwaruza, lakini itatembea."

"Baba, nikufanyie nini?"

Kwa mara ya kwanza aliniangalia machoni. "Utasema. Asubuhi, bantu bakiwa bengi. Si kwa mama peke yake."

"Nitasema."

"Yule mujomba wako akiwa mulangoni."

"Akiwa mlangoni."

Nilimuuliza kama atarudi, siku moja, mambo yakitulia. Alionyesha kwa kidevu safu ya watu waliokuwa wakifunga masufuria. Treni yao ilikuwa juma lile. Alisema huko anakokwenda wanamwita mtu wa Katanga. Kisha akaichukua tena ile taa ya mtu na utambi wake, na mimi nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Asubuhi ya pili yake baridi ilikuwa kali. Niliifunga kabureta mahali pake wanawake wakiniangalia. Mabeseni yalikuwa mengi kwa sababu ya siku mbili za kukosa. Mjomba alikuwa mlangoni, kofia yake kichwani.

"Nani ametengeneza?" akauliza.

"Fundi," nikasema. Nilisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Fundi wetu. Nimempelekea kambini. Hakuifunga moteri, hata siku moja. Miye nilitia mawese kwenye starteri, na baridi inayagandisha. Nilimdanganya, nikawadanganya na ninyi."

Mjomba aliinyoosha kofia kichwani. Hakuna aliyemtazama. Mbele ya foleni alikuwa mama mmoja mzee, muuza uyoga na viwavi vikavu, mteja wetu tangu siku za baba. Alisogeza beseni lake mbele kwa mguu.

"Tulijua," akasema.

"Mulijua mawese?"

"Mawese hapana. Tulijua si yeye. Mashini inakufwa asubuhi, inafufuka saa sita, kila siku. Sabotaji gani iko na saa?" Wengine nyuma yake walitazama mahindi yao. "Ile swali yake, nani hapa hakuisikia?"

"Juu ya nini hamukusema, mama?"

Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu, kama sisi sote mwaka ule.

"Na weye?" akaniuliza.

Mabeseni yalikuwa yanangoja. Nikafunga starteri kwa ukucha: tak. Nikageuka, nikaipa moteri mgongo, nikazungusha mkono nyuma nikaivuta kamba. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikaitika mara ya kwanza, na kelele yake ikatufunika sote.